Seleniamu imo udongoni, kwenye mchele haimo: nifanyeje na majaruba ya Vanga?

Mpunga_Likoni
Hamjambo wana jukwaa. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa udongo. Niko Likoni, shamba liko Kwale, bonde la mto Umba upande wa Vanga, ekari tatu. Mteja wa Mombasa ataka mchele wenye seleniamu ya kutosha, yale madini ya lishe, akaomba vipimo. Majibu ya maabara haya hapa: seleniamu yote udongoni 0.31 mg kwa kilo, pH (kipimo cha tindikali, ikiwa ndogo tindikali ni nyingi) 5.3, mboji asilimia 4, mfinyanzi mzito mwekundu, chuma kingi. Mchele usiokobolewa sana umetoa 0.03 mg kwa kilo tu. Maji husimama tangu kupandikiza hadi wiki mbili kabla ya kuvuna. Mbolea ni DAP (ya fosfeti) ya kupandia, kisha SA (salfeti ya amonia) mara mbili. Mabua nayafukia wiki moja kabla ya kupandikiza. Nimwage seleniamu udongoni au?

Mfinyanzi_Mweusi
Usimwage kitu kwanza, ndugu. Hiyo 0.31 si ndogo; udongo unaohesabiwa maskini ni ule ulio chini ya 0.125. Shida ni kwamba maabara imekupimia yote iliyomo, na mpunga haunywi yote.

Udongo ukiwa na hewa na pH ya juu, seleniamu hukaa katika umbo liitwalo selenati, inayeyuka na mzizi unaipitisha kwa mlango uleule wa salfeti. Ukifurikisha, hewa inaisha, selenati inageuka umbo jingine, seleniti. Seleniti hushikwa na oksidi za chuma kama sumaku, na tindikali ikizidi ndivyo inavyoshikwa zaidi. Wewe una chuma kingi na pH 5.3, umepata yote mawili. Maji yakiendelea kusimama, vijidudu vinaishusha zaidi hadi seleniamu tupu isiyoyeyuka, na hiyo mpunga hauna habari nayo.

Utafiti wa mahindi Malawi ulionyesha jambo hilohilo: udongo mweusi wa mfinyanzi wenye pH ya zaidi ya 6.5 ulitoa punje zenye seleniamu mara nyingi kuliko udongo mwekundu wenye tindikali.

Kwa hiyo weka chokaa ya shamba, ufikishe 6.2 au 6.5.

Maji_na_Mizizi
Hapo kwenye chokaa sikubaliani nawe, mzee. pH 5.3 ni ya udongo mkavu wa maabara. Udongo wa tindikali ukifurika wiki tatu hivi, pH yake hupanda wenyewe kuelekea 6.5 au 7, kwa sababu chuma kinapopoteza hewa hula tindikali. Chokaa ingefaa sana kwa mpunga wa nchi kavu. Kwenye jaruba utalipa pesa nyingi kwa faida ndogo, na ukizidisha utaleta upungufu wa zinki.

Mimi ningeanza na maji. Chukua bomba la plastiki, urefu sentimita 30, upana 10 hadi 15. Toboa matundu nusu ya chini, lizamishe sentimita 15, toa matope ya ndani. Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke ndani ya bomba hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha furikisha sentimita 5. Rudia hivyo. Wiki moja kabla ya kuchanua na wiki moja baada yake usikaushe, utapata mapepe. Mpango huu unaongeza seleniamu na unapunguza aseniki, ambayo ni sumu. Ila kadimiamu, sumu nyingine, inaweza kupanda, kwa hiyo mwambie mteja aipime pia.

Kabla ya yote, ng'oa shina moja ulioshe mizizi polepole. Ikiwa na ganda la rangi ya kutu, ni chuma kilichoganda juu yake, nacho hunasa seleniti mlangoni. Ikiwa myeusi na inanuka yai bovu, udongo umekosa hewa kabisa na salfaidi, sumu itokanayo na salfa, imeshaanza.

Bi_Kisauni
Mabua, jamani! Kufukia wiki moja kabla ya kupandikiza ndiko kunakomaliza hewa yote udongoni yakioza. Yafukie mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado mkavu. Samadi mbichi pia marufuku.

Na SA hebu iache. Ina asilimia 24 ya salfa, na salfeti ndiyo mshindani wa selenati. Kilo 100 za SA zina nitrojeni ya kilo 46 za yurea, badili kwa hesabu hiyo. DAP iweke kwa kipimo kilichoshauriwa, usizidishe: fosfeti inabandua seleniti kwenye chuma lakini tena inagombania nayo mlango wa mzizi.

Maji_na_Mizizi
Nilisahau kuuliza: chumvi je? Upande ule maji ya bahari hayako mbali.

Mpunga_Likoni
Shukran sana. Mizizi ni ya kutu majaruba ya juu, ya chini karibu na mikoko ni myeusi. Chumvi: juu 0.2, chini 1.1 dS/m (kipimo cha chumvi). Naona ni kidogo.

Maji_na_Mizizi
Angalia karatasi imeandikwa kipimo gani. Kama ni 1:5, yaani udongo sehemu moja na maji tano, kwa mfinyanzi mzito zidisha kama mara sita. Juu itakuwa 1.2, sawa. Chini ni 6.6, na mpunga huanza kupoteza mavuno ukipita 3.

Mpunga_Likoni
Ni 1:5 kweli.

Maji_na_Mizizi
Basi kausha-furikisha ufanye juu tu. Chini ukikausha chumvi itapanda. Huko maji matamu yabaki yamesimama, na maji ya bahari yamekuletea salfeti tele, hata uache SA haitatosha. Nyunyizia majani seleniamu.

Mfinyanzi_Mweusi
Kunyunyizia hesabu ni hii: gramu 10 za seleniamu kwa hekta, yaani gramu 4 kwa ekari. Selenati ya sodiamu isiyo na maji ina asilimia 41.8, kwa hiyo gramu 10 za chumvi kwa ekari. Soma lebo vizuri! Ile yenye molekuli kumi za maji ina asilimia 21 tu, nayo ni karibu gramu 19. Ukikosea kinyume umezidisha maradufu, na hii ni sumu.

Yeyusha yote katika lita moja, kisha mililita 100 kwa kila bomba la kunyunyizia la lita 20, mabomba kumi kwa ekari. Mpunga ukianza kutoa masuke, saa kumi jioni, kwa maana asubuhi maua yako wazi. Glavu na barakoa. Mvua ikinyesha usiku huo, usirudie papo hapo, pima punje kwanza.

Mpunga_Likoni
Nilenge ngapi kwenye mchele?

Bi_Kisauni
0.10 hadi 0.15 mg kwa kilo. Mtu akila gramu 200 za mchele anapata mikrogramu 20 hadi 30, na mtu mzima ahitaji 55 kwa siku. Kiwango cha China cha mwaka 2008 cha mchele wa seleniamu kiliishia 0.30, usikivuke. Maabara ikikuandikia 100 bila kipimo, uliza kama ni mikrogramu. Sampuli za juu na chini zipelekwe mbalimbali, ukichanganya hutajua lipi limefanya kazi.