Maandalizi ya harusi: ni jambo gani mlilichelewesha mkajuta?

Swali (bibi harusi mtarajiwa, Morogoro):
Dada zangu mliokwisha kuolewa, ndoa yangu itafungwa kanisani mwezi Desemba, na kamati imekutana mara mbili tu huku ahadi za michango zikiwa nyingi kuliko fedha zilizopo mkononi. Naomba mnieleze mlichojutia kukichelewesha.

Jibu la 1:
Hongera sana, mdogo wangu. Mimi nilijutia kuchagua ukumbi mkubwa kwa kutegemea ahadi. Wiki moja kabla ya harusi, mweka hazina alinifungulia daftari lake nikaona majina mengi ambayo mbele yake hapakuandikwa hata shilingi, tukalazimika kupunguza meza na kuwapigia simu wageni tuliokwisha kuwapa kadi, jambo ambalo linaniumiza hadi leo. Lipeni ukumbi na chakula kwanza; mapambo yafuate kadiri michango inavyoingia.

Jibu la 2:
Msisahau taarifa ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani kwetu matangazo yalisomwa Jumapili tatu.

Jibu la 3:
Gauni, mwanangu! Nilijaribu la kwangu siku mbili kabla, zipu ikagoma kufunga, na mama mkubwa akakesha akifumua mishono ya ubavuni kwa wembe. Lijaribu mapema, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo.

Muulizaji:
Asanteni sana. Jumamosi nitaliomba daftari la mweka hazina kabla hatujalipia ukumbi.