Mimi napokea mwisho wa mwezi, yeye anasubiri msimu. Tunaongeaje?

Mama Wawili, Ilazo
Habari zenu ndugu. Tuna ndoa ya miaka sita. Mimi ni mhasibu, kila asubuhi napanda basi la watumishi kwenda Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma. Mume wangu ananunua alizeti vijijini Kongwa, anakamua Kibaigwa, anauza mafuta na mashudu.

Wazazi wangu walikuwa walimu. Mshahara ukitoka walikaa mezani na daftari, sisi watoto tukisikia: hii ya ada, hii ya bibi. Kwao mume wangu, baba yake alilima mtama na kufuga, na habari za ghala na zizi alizijua peke yake. Ukiuliza yamebaki magunia mangapi, unaonekana unaita njaa.

Februari nilimwuliza, "Baba Asha, mwezi huu utatoa shilingi ngapi?" Akanawa mikono, akaacha ugali. Alisema neno moja tu: "Unanikagua." Siku tatu ikawa salamu basi. Nikaanza kuwaza ana nyumba nyingine. Baadaye shemeji ndiye aliyeniambia: pesa yote alishawapa wakulima watangulize mbegu na palizi, mfukoni hakuwa na kitu. Aliona aibu kuniambia mimi mwenye mshahara.

Siulizi nani awe kichwa cha nyumba. Nampenda. Nauliza, mtu mwenye tarehe na mtu anayesubiri mvua na bei wanazungumzaje bila kuumizana?

Fundi Nkuhungu
Dada, mke wangu ni muuguzi, mimi najenga. Swali la "mwezi huu utatoa ngapi" kwa mtu asiye na tarehe ni kudaiwa mbele ya watoto. Siku hizi wangu ananiuliza, "Kazi imefika wapi, tajiri ameshalipa?" Hapo naeleza hata nikiwa sina kitu.

Na wewe, je, amewahi kuona slipu yako? Mimi nilikuwa nahesabu mshahara mzima. Siku aliponionyesha kodi, mfuko wa hifadhi, na bodi ya mikopo ya wanafunzi inavyokata asilimia 15, nilinyamaza. Miaka miwili nilimwona mchoyo, kumbe naye alikuwa anakopa kwa wenzake kazini.

Mtu wa Chang'ombe
Sheria ya Ndoa ya 1971 imempa mume wajibu wa kumtunza mke. Atoe, yaishe.

Mama Wawili, Ilazo
Ndugu yangu, wajibu huo anaujua ndiyo maana aliacha chakula. Kama angekuwa hajali angekula akashiba.

Fundi, slipu hajawahi kuiona. Naiweka ofisini.

Bibi wa Mpwapwa
Mbukwenyi. Mwanangu, umemwuliza wakati mbaya. Februari mvua bado inanyesha, alizeti iko shambani, hata mkulima mwenyewe hana jibu. Mngoje Juni au Julai, gunia limeuzwa na pesa iko mkononi. Hapo kaeni, mtenge ya kodi ya nyumba na ada ya Januari kabla hajarudi kununua tena. Mimi na marehemu mzee wangu tulitenga hivyo kwa karanga miaka mingi, na hakuwahi kuona namkagua. Na slipu irudi nyumbani.

Nikuulize na hili. Mbele ya wenzako wa ofisini, huwa unamtambulishaje?

Mama Wawili, Ilazo
Bibi, nimeikalia simu nusu saa kabla ya kukujibu.

Mwaka jana kwenye sendofu ya mwenzangu, bosi aliniuliza mume wangu yuko idara gani. Nikasema "anajishughulisha tu," nikageuza mazungumzo kwenye chakula. Alikuwa amesimama pembeni yangu, amevaa shati nililomnunulia mimi. Tangu siku hiyo hajakubali mwaliko wowote wa kazini kwetu, na mimi nilikuwa namwambia kila mtu kwamba hapendi watu.

Leo jioni anarudi kutoka Kibaigwa. Nitaanza na hilo kabla ya pesa.