Naomba ushauri, PLC ya mashine yenye spindo mbili inanichanganya

Wakuu habari zenu, nimekwama kwenye lada (programu ya PLC, kompyuta ndogo inayosimamia swichi na vali za mashine). Mashine ni ya kerezo, CNC (kidhibiti cha kompyuta) ya Fanuc, chaneli mbili (kila moja na programu yake) spindo mbili (mihimili inayozungusha kipande kinachochongwa). Nikiendesha chaneli mojamoja mambo freshi kabisa, nikiwasha zote pamoja chaneli ya pili inaganda kwenye M kodi (amri ndani ya programu) ya kufunga chaki (kibanio kinachoshika kipande), halafu jana ikafanya kinyume, ikaendelea na programu wakati chaki hata haijabana!! Bahati spidi nilikuwa nimeishusha. Nahisi kosa ni langu maana FIN (ishara ya PLC kuiambia CNC kwamba amri imekamilika) ya chaneli ya kwanza ni anwani G4.3 na ya pili G1004.3, ila nyuma yake zote nimezilisha relei ileile ya R (biti ya ndani ya PLC), uvivu wa kukopi tu.

Je niandike lada mbili tofauti kabisa au subprogramu moja inatosha?

Kingine, intaloki yangu (kizuizi cha usalama kwenye lada) inakataa chaki kusogea spindo ikizunguka, sawa, lakini wakati wa kupokezana kazi (kipande kinahama spindo ya kwanza kwenda ya pili) spindo ya pili inatakiwa ibane huku zote zinazunguka kwa spidi moja. Hapo mnairuhusu vipi bila kuharibu usalama kwingine? Aliyewahi kuifanya anisaidie tafadhali.