Monsoon na msimu, magazine na hazina: ni ndugu kweli?

Mwalimu_Chake
Assalamu alaykum wanajamvi. Nawatayarishia wanafunzi wa kidato cha tatu somo la maneno ya Kiingereza yenye asili moja na ya kwetu. Jozi nilizonazo ni monsoon na msimu, magazine na hazina, tariff na taarifa, zero na safari, cotton na kitani. Zipi za kweli? Na nihakikishe vipi, nisibakie kukisia?

Maalim_Malindi
Waalaykum salaam mwalimu. Tatu za mwanzo ni sahihi, mbili za mwisho zitoe. Zote zimepita kwenye Kiarabu, kwa hiyo sikio halitoshi. Liandike neno kwa herufi za Kiarabu, livue viambishi vyake, zibaki konsonanti za mzizi (mara nyingi ni 3), kisha litafute kwenye kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa mizizi. Herufi zikiwa zile zile na maana ya zamani ikaungana, hao ni ndugu.

Chukua magazine. Kiarabu ni makhzan, ghala. Mim (herufi m) ya mwanzo ni ya kuonesha mahali. Ivue, utapata kh-z-n, kuweka akiba. Humo ndimo ilimotoka hazina yetu, na mhazini. Waingereza nao walianza na maana ya ghala, na ndiyo maana sehemu ya bunduki inayokaa risasi bado inaitwa magazine. Maana ya jarida ilikuja London mwaka 1731, pale mchapishaji alipoliita jarida lake ghala la makala. Lakini neno huzuni usilitie humo! Huzuni ni ya herufi ha, hazina ni ya herufi kha. Tahajia yetu ndiyo iliyozifanya zote h.

Zero inatokana na sifr, yaani tupu, kwa herufi swadi (s nzito). Fibonacci, mwanahisabati wa Italia, aliiandika zephirum kwa Kilatini mwaka 1202. Cipher ni neno hilo hilo lililopita njia nyengine: kwanza sifuri, baadaye tarakimu yoyote, mwisho maandishi ya siri. Safari ni ya sini (s nyepesi), mzizi mwengine kabisa. Cotton ni qutn, kwa qafu na twa. Kitani ni kattan, kwa kafu na ta, na ni nguo ya mmea mwengine, si pamba.

Bi_Mkunazini
Maalim kasema kweli, ila msimu usiupite hivi hivi, maana ni neno letu watu wa pwani. Kiarabu ni mawsim, mzizi w-s-m, kutia alama, kama ngamia anavyotiwa alama ya moto. Mawsim ni wakati uliotiwa alama: wakati wa kuja majahazi kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa upepo wa kusi. Wareno walilichukua wakasema monção, Waingereza wakapata monsoon, na maana ikahama kutoka wakati hadi upepo wenyewe. Wanafunzi watakosea kwenye m. Kwa kuwa tunasema misimu, watadhani ni kiambishi cha ngeli na kuubakisha "simu". Kitabu ni vivyo hivyo: tunasema vitabu, na kumbe k ni ya mzizi.

Tariff ni ta'rif, kujulisha, kupitia tariffa ya Kitaliano: orodha ya kuwajulisha wafanyabiashara ushuru wao. Mzizi ni ain-r-f, pamoja na arifu, maarifa na maarufu.

Mwalimu_Chake
Shukran sana. Na wanaosema taarabu imetokana na ustaarabu?

Maalim_Malindi
Si kweli, na kosa hilo linaenea sana hapa Unguja. Taarabu ni tarab kwa twa, mzizi t-r-b: kutikisika moyo kwa furaha au kwa majonzi. T yake ni ya mzizi. Ya ustaarabu ni ya kiambishi ista-; ukikivua zinabaki ain, ra na ba, ule ule mzizi wa Mwarabu. Waandikishe maneno mawili hayo ubaoni kwa herufi za Kiarabu, wataiona ain imekaa katika moja na haimo katika jengine.