Buffalo hadi Niagara Falls: kulipia madaraja ya Grand Island au kuzunguka?

Mgeni_Buffalo: Ndugu zangu, nimeajiriwa katika hoteli moja mjini Niagara Falls, jimbo la New York, Marekani, nami naishi mji jirani wa Buffalo. Je, ni afadhali nipite barabara ya I-190 inayokatiza kisiwa cha Grand Island na kulipa tozo, au nizunguke kwa Niagara Falls Boulevard isiyo na malipo?

Dereva_wa_Zamu: Ndugu, kwanza uelewe tozo inavyokatwa, kwa maana wengi hudhani hulipwa kila daraja linapovukwa. Hulipwa unapoingia kisiwani tu: wakati wa kwenda utakatwa kwenye daraja la kusini, linaloanzia Tonawanda, kisha la kaskazini utalivuka bure, wakati wa kurudi utalipa kaskazini na kutoka bure kusini. Ni tozo mbili kwa siku, si nne. Vibanda vya kulipia taslimu viliondolewa mwaka 2018, na sasa mitambo iliyofungwa kwenye fremu ya chuma juu ya barabara husoma kifaa cha E-ZPass, yaani cha kulipia tozo kielektroniki kupitia akaunti yako, kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele. Usipokuwa nacho, kamera hupiga picha namba za gari na ankara hutumwa kwa posta, tena kwa kiwango cha juu zaidi.

Mama_Kisiwani: Hilo la posta ndilo linaloumiza wageni wengi. Ukihama bila kubadilisha anwani kwenye usajili wa gari, ankara itakwenda nyumba ya zamani na faini itaongezeka bila wewe kujua. Sisi wakazi wa kisiwa tuna punguzo, na ni haki, kwa kuwa tangu madaraja ya kwanza yafunguliwe mwaka 1935 na kuchukua nafasi ya feri, gari halina njia nyingine ya kutoka hapa.

Fundi_Tonawanda: Boulevard haina tozo, lakini ina taa nyingi za barabarani na maduka pande zote, hivyo unachookoa kwenye tozo unaweza kukimaliza kwa petroli na muda. Hata hivyo, wakati wa baridi nakushauri uzunguke siku za dhoruba. Juu ya Mto Niagara, unaovukwa na madaraja hayo, hakuna kinachozuia upepo unaotoka Ziwa Erie, na theluji inayopeperushwa huficha gari lililo mbele yako. Faraja ni kwamba tangu madaraja ya pili yajengwe sambamba katika miaka ya 1960, kila uelekeo una daraja lake, kwa hiyo hukutani na gari linalokuja uso kwa uso.

Mgeni_Buffalo: Nashukuru sana. Gari limesajiliwa kwa jina la mume wangu. Naweza kufungua akaunti ya E-ZPass kwa jina langu?

Mama_Kisiwani: Unaweza, dada, mradi uandikishe namba za gari hilo kwenye akaunti kabla ya kuanza safari.