Naombeni ushauri: namtafuta bibi aliyezaliwa 1839 kijijini Marekani, nimekwama

Mama Wawili: Habari zenu wakuu. Niko Ohio mwaka wa tisa sasa, nimeolewa huku huku. Mama mkwe ana miaka 81 na anaumwa umwa, kanipa kazi, anataka ajue bibi wa bibi yake alikuwa mtoto wa nani (jina siweki, mwenyewe hapendi mambo ya mitandaoni). Tunachojua bibi alizaliwa kama 1839, akaolewa kama 1858 na mkulima wa Meigs County, kule chini kabisa kwenye mto Ohio, mume akapigana vita ya wenyewe kwa wenyewe akarudi, alipokuja kufa baadaye bibi akabaki mjane mpaka naye akafa 1911. Jina la mume tunalo lote, la bibi tuna la kwanza tu. FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta ukoo, nimeingia, ni bure, sensa ya 1860 na 1870 nimemuona na mumewe ila ya 1850 nimetafuta wiki mbili hayupo, kama alidondoka mbinguni. Mimi nina ndoa na bado natumia jina la baba yangu, kumbe wenzetu hawa ukiolewa ndio umefutika. Nianzie wapi?

Chura wa Msimbazi: Dada waache wahangaike na wafu wao, wewe tuma hela nyumbani 😂

Kabrasha: 1850 unamtafuta kwa jina gani? Kama ni la mume hutampata hata mwaka mzima, si alikuwa na miaka 11 kwa baba yake!

Mama Wawili: Loh. La mume 🙈

Kabrasha: Usijali wote tumepita hapo. 1850 ndio sensa ya kwanza kuandika kila mtu huru kwa jina, kabla ya hapo walimwandika mkuu wa kaya tu, wengine wakawa idadi. Sasa acha kumtafuta yeye, watafute waliomzunguka. Rudi 1860 usome majirani, kurasa mbili mbele na mbili nyuma, maana vijijini mtu alioa binti wa shamba la pili. Halafu angalia majina ya kati ya watoto wake, akina mama wengi waliweka pale jina la ukoo wao. Na umri usiuamini sana, miaka kumi inapita bibi anaongezeka saba 😄. 1890 usijisumbue, karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington 1921.

Binti Pangani: Naongezea. Kafa 1911 ni bahati yako, Ohio ilianza vyeti vya vifo vya jimbo zima Desemba 1908, na pale kuna sehemu ya jina la baba na la mama kabla hajaolewa. Ila anayejibu ni aliyebaki, mara mkwe, mara jirani, unaweza kukuta "hajui" ukalia. Pia kama alilipwa pensheni ya mjane wa askari, faili liagizwe Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Washington. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, basi utakuta mashahidi wanaapa kwamba walikuwepo harusini, wengine walichana hadi ukurasa wa Biblia ya familia wakautuma. Mimi nilichopata kwenye faili moja sikukipata kwenye sensa zote.

Mama Wawili: Cheti cha kifo nimekiona leo, sehemu ya baba wameandika hajui 😭 faili la pensheni ndio naagiza

Kabrasha: Na 1880 umeangalia? Hiyo ndio ya kwanza kusema kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya.

Mama Wawili: Wakuu!! 1880 nyumbani kwao kuna ajuza wa miaka 70, jina la ukoo tofauti kabisa, na pembeni wameandika MAMA MKWE. Yaani mama mkwe wangu kanituma, jibu limekaa kwa mama mkwe!

Binti Pangani: Hongera sana, ila polepole, huyo ajuza anaweza kuwa aliolewa mara ya pili, hilo jina likawa la baba wa kambo. Kabla hujamwambia mzee tafuta ndoa ya 1858 kwenye vitabu vya mahakama ya mirathi ya kaunti, majina yakifanana ndio upige simu.

Mama Wawili: Nimeshampiga 🙈 anataka nimsomee tena hilo jina, herufi moja moja.