Sukari ya mama imeruka hadi 18.6 na anaapa hajala kitu

BintiIsevya
Mwangaluka wakuu. Niko Tabora mjini. Mama yangu ana miaka 61, kisukari huu mwaka wa nne, anameza metformini na glibenklamidi. Asubuhi kabla ya kula huwa anasoma 6 na pointi, ikizidi sana 8. Juzi saa moja asubuhi nikampima: 18.6! Usiku alikula ugali wa dona na mlenda, nilimpakulia mwenyewe. Anaapa hajatia kitu mdomoni.

Shida ni kwamba biashara yake ni asali. Inakuja kwa madumu kutoka Sikonge, anachuja, anajaza kwenye chupa. Nikamwambia palepale, "Mama, unalamba asali." Kanuna mpaka leo, hata chai nikimtengea hagusi. Leo tena 15.9. Jana nilipompeleka kituo cha afya niliambiwa tu "apunguze sukari", daftari lake halikufunguliwa. Je, nimwongezee kidonge kimoja jioni?

Mnyamwezi_Halisi
Asali ya msituni haipandishi sukari, ile ni dawa. Babu yangu kaila maisha yake yote. Tafuta tatizo lingine dada.

NesiMstaafu
Babu yako hakuwa na kisukari, mwanangu. Asali ni glukozi na fruktozi, itoke msituni au dukani, na inapandisha.

Binti, kidonge USIONGEZE. Glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini hata kama sukari haijapanda. Kama hiyo 18.6 si ya kweli, sukari itashuka mno na utamwangusha usiku: jasho, kutetemeka, kuropoka, mwisho kuzimia. Nijibu kwanza: kabla hujamtoboa alikuwa anafanya nini, na alinawa?

BintiIsevya
Siku zote mbili aliamka saa kumi na moja kujaza chupa za mteja anayesafiri na treni. Nilimpangusa kidole kwa pamba ya spiriti.

NesiMstaafu
Basi hapo ndipo. Tone la damu unaloweka kwenye kile kijiti cha kupimia ni dogo mno, asali kidogo tu iliyobaki kwenye ngozi inatosha kuliharibu. Hata aliyemenya embe yanamkuta hayo. Spiriti haiondoi yote. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa, ndipo umtoboe pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, katikati panauma. Akinawa na bado ikasoma juu hivyo, hiyo ni ya kweli: mrudishe hospitali, na usingoje kesho kama ana kiu kali, anakojoa sana au anatapika. Wakati huohuo ulizia kipimo cha HbA1c. Kinaonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, nacho hakidanganywi na asali ya vidoleni.

Mzee_wa_Ujiji
Kigoma hapa, naishi nayo mwaka wa 12. Asali mimi nimeipa kazi moja tu: mashine ikisoma chini ya 4, kijiko kimoja cha chakula, nasubiri dakika 15, napima tena. Kachupa kadogo kako mfukoni mwa koti. Mke wangu anajua, wajukuu hawajui.

BintiIsevya
Mrejesho. Leo kaamka kajaza chupa zake kama kawaida, kisha nikamnawisha mpaka viwiko. Mkono wa kushoto: 7.3. Nikamwambia ashike mdomo wa dumu kwa kidole cha mkono wa kulia, nikapangusa kwa spiriti vilevile kama siku ile: 14.8. Dakika hazikufika tano kati ya kipimo na kipimo. Najua vijiti ni ghali na nimechoma kimoja bure, ila nilitaka nione kwa macho yangu.

Mama kaiangalia mashine, kaniangalia mimi, hakusema neno. Nimempigia magoti kuomba radhi. Kasema atafikiria nikishamwoshea chupa zote zilizo uani. Nimehesabu, ziko 43.